Istilahi Mkononi mwa Fundi: Uhakiki wa Mswada wa Kuunda Modeli ya Tipa

Ni nadra kwa sisi tunaoshughulika na istilahi kupata nafasi ya kuliona neno likishindwa kazi mbele ya macho yetu. Istilahi ya sheria ikikosewa, kosa hujificha ndani ya majalada kwa miaka mingi. Istilahi ya uchumi ikikosewa, wachumi hurejea kwenye Kiingereza chao kimya kimya, na sisi hatupati habari. Istilahi ya ufundi haina subira ya namna hiyo. Fundi akielekezwa auunganishe waya huu na ule, naye akaufuata mwongozo neno kwa neno, basi chombo ama kitakwenda ama hakitakwenda, na pengine kitatoa moshi. Mswada tunaouhakiki hapa umetupa nafasi hiyo adimu, na kwa sababu hiyo tumeona tuuzungumzie kwa urefu kuliko ilivyo kawaida ya kurasa hizi.

Mswada wenyewe una kurasa 46 zilizopigwa chapa. Umeletwa na mwalimu mmoja wa masomo ya ufundi, ambaye amekusanya maelekezo kutoka miongozo ya Kiingereza na kuyatafsiri kwa ajili ya wanafunzi wake. Unaeleza namna ya kuunda, kwa mpango wa mtu mwenyewe, modeli ya lori la kubebea mchanga: lori dogo la ekseli tatu, lenye kwenda mbele na kurudi nyuma, kukata kona, na kuinua bodi lake na kumwaga mzigo, yote hayo kwa amri itokayo mkononi mwa mtu aliyesimama mbali. Ufundi huu una wapenzi wengi Japani, Ujerumani na Marekani. Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka huuza malori ya namna hiyo yakiwa vipande vipande, kwa uwiano wa 1 kwa 14. Na wako wanaochukua malori ya plastiki ya kampuni ya Bruder ya Ujerumani, ambayo yametengenezwa kwa ajili ya watoto kwa uwiano wa 1 kwa 16, wakayatia mota, gia na vifaa vya redio. Mwalimu wetu hakutaka njia yoyote kati ya hizo mbili. Alitaka kiunzi kikatwe kwa alumini ya kawaida, bodi likunjwe kwa bati, na vile vifaa vya umeme tu ndivyo vinunuliwe.

Huenda msomaji akauliza kama hiki si kitu cha kuchezea, na kama Baraza halina kazi nyingine. Swali hilo tuliulizwa hata na mwenzetu mmoja ofisini. Jibu letu ni kwamba tipa lenye urefu wa mita 8, likipunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 14, huwa na urefu wa sentimita 57 tu, lakini somo lililomo ndani yake halipungui. Mna gia na difu, mna nguvu ya wenzo, mna mkondo wa umeme na mawimbi ya redio. Shule isiyoweza kununua lori la kufundishia inaweza kuunda moja likakaa juu ya meza. Tena watoto wetu hawakumngoja mtafsiri yeyote. Tangu zamani wameunda malori ya makopo na waya, magurudumu wakayakata katika nyayo za kandambili, na usukani wakaufunga kwenye mti mrefu ili waliendeshe wakiwa wamesimama. Na kila kipande cha lori hilo wana jina lake. Anayetaka kuandika kitabu cha modeli kwa Kiswahili, basi, haanzi na ukurasa mtupu.

Tuanze na jina la mswada, maana makosa yake makubwa yote yamekwisha jitokeza hapo. Mswada unaitwa "Uundaji wa Lori la Desturi la Kutupia, la Mfano, Linaloendeshwa na Redio". Katika jina hilo fupi mna mambo manne ya kuzungumzia, na ni moja tu tunaloweza kulivumilia.

Neno "desturi" limeingia kwa sababu neno la Kiingereza lililotumika, linapokuwa nomino, huwa na maana ya mila au desturi. Hapa lakini si nomino. Maana yake ni kitu kilichotengenezwa kwa kufuata mpango wa mtu binafsi, si kile kinachouzwa kwa wote. Lori la desturi kwa Mswahili ni lori ambalo watu wamelizoea, yaani kinyume kabisa cha alichokusudia mwandishi. Tunashukuru angalau kwamba hakuchukua maana ya tatu ya neno hilo, tukapata lori la forodha. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuieleza dhana hii bila kutafuta kivumishi: "kujiundia tipa", au "tipa la mpango wako mwenyewe". Lugha yetu hupenda kitenzi mahali ambapo Kiingereza hupenda kivumishi, na mfasiri asiyelikumbuka hilo atahangaika bure.

Neno "kutupia" ni baya zaidi. Kinachotupwa ni taka, mchanga humwagwa. Mwandishi anafahamu hivyo, kwani ndani ya mswada ameandika mara nyingi "mzigo humwagika". Lakini katika jina aliogopa kutumia neno ambalo kila mtu analijua, tangu anayechimba mchanga hadi mhandisi wa barabara, nalo ni "tipa". Tulipomwuliza alijibu kwamba aliliona ni neno la mitaani. Ni kweli ni la mitaani, na mtaa ndio uliolilea. Dar es Salaam husemwa tipa, Mombasa husemwa tipa. Lina wingi wake, "matipa", na hakuna mtu anayelichanganya na lori la kawaida. Istilahi inapaswa kuwa na sifa gani zaidi ya hizo?

"Mfano" ndilo tunaloweza kulivumilia, ingawa halitufurahishi. Watumishi wa serikali watakumbuka kwamba "kijiji cha mfano" au "mkulima wa mfano" ni kijiji au mkulima anayestahili kuigwa. Lori la mfano, kwa mazoea hayo, ni lori lililo bora kuliko mengine. Baadhi yetu walipendekeza "kijitipa", na kwa masikio ni neno tamu. Lakini udogo peke yake hautoshi. Modeli haiwi ndogo tu, bali kila kipimo chake hupunguzwa kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo tumechagua "modeli ya tipa".

Hapa lazima tugusie "kipimo", neno ambalo mwandishi analitumia kwa urefu, kwa uwiano, na pia kwa kifaa cha kupimia. Ukurasa wa 7 unasema bodi likatwe "kwa kipimo cha 14". Msomaji wetu wa kwanza alikata bati la sentimita 14. Hatukuweza kumlaumu. "Uwiano wa 1 kwa 14" hauna utata, na walimu wa jiografia watatuambia kwamba "skeli" pia inajulikana. Iwe moja kati ya hizo, ila isiwe "kipimo".

Tumemtaja msomaji wa kwanza, na yafaa tueleze ni nani. Badala ya kuketi mezani na kamusi, tuliwapa mswada vijana wawili wanaojifunza kazi gereji, mmoja umeme wa magari na mwingine uchomeleaji. Tuliwapa na vifaa, tukawaomba waunde tipa kwa kufuata mswada huo tu, bila kutuuliza sisi wala kumwuliza mwandishi. Sisi tulikaa pembeni tukiandika kila waliposimama na kila walipogombana. Twapenda kuungama kwamba daftari letu lilijaa kabla ya mwezi kwisha.

Jambo la nne katika jina ni "linaloendeshwa na redio". Kosa hapa ni la sarufi, si la msamiati. Katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja mtenda, na "kwa" huitaja ala. Gari huendeshwa na dereva. Mkate hukatwa na mama kwa kisu. Lori linaloendeshwa na redio ni lori ambalo dereva wake ni redio, na msomaji aliyezoea redio ya kusikilizia taarifa ya habari atabaki akistaajabu. Kijana wa umeme, kwa hakika, alitafuta mahali pa kuweka spika. Tuseme "tipa la kuongozwa kwa redio", au pale penye haja ya ufafanuzi, "kwa mawimbi ya redio". Dereva ni mtu. Mawimbi ni ala yake tu.

Tena tuliona "kuongozwa" ni bora kuliko "kuendeshwa", kwa sababu ndivyo jambo hili lilivyoanza. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokwenda na kugeuka birikani bila kuguswa. Mashua ilikuwa na nguvu yake yenyewe ndani, katika betri na mota. Kilichopita hewani ni amri, si nguvu. Hata leo modeli zote ziko hivyo. Mwanafunzi anayedhani kwamba nguvu ya kuzungusha magurudumu hutoka kwenye kile kifaa cha mkononi amekwisha potoka, na neno "kuendeshwa" linamsaidia kupotoka.

Kile kifaa cha mkononi mwandishi anakiita "rimoti", na kile kinachopokea ndani ya lori anakiita "redio". La kwanza tunalikubali. Yako mabishano kwamba rimoti ya televisheni kwa kawaida hutumia mwanga usioonekana, ambao haupenyi ukuta, hali hii ya modeli hutumia mawimbi ya redio, siku hizi mara nyingi ya gigahezi 2.4, lakini mtumiaji haoni mwanga wala wimbi, anaona vitufe. Jina la chombo halilazimiki kueleza fizikia yake. Mahali pa kueleza fizikia, basi, tuseme "kirusha mawimbi" na "kipokea mawimbi", maneno mawili yanayokwenda sambamba, nalo neno "redio" liachwe libaki na kazi yake.

Tunakuja sasa kwenye sura ya tatu, na hapa ndipo lori lilipokwama kwa siku tisa. Kipokea mawimbi huwa na matundu kadhaa, kila tundu kwa amri yake: moja la usukani, moja la mwendo, moja la kuinua bodi. Kila njia ya amri mwandishi ameiita "mkondo". Ni neno zuri, lenye picha ya maji yapitayo, na lau lingekuwa tupu tungelipokea kwa mikono miwili. Kwa bahati mbaya lina mwenyewe. Katika vitabu vyetu vya sayansi "mkondo" ni mkondo wa umeme, unaopimwa kwa ampea. Mswada unasema: "Hakikisha mota ya mkondo wa 2 haikuunganishwa na mkondo wa 1." Kijana wa umeme alichukua mita, akapima ampea kwenye kila waya, akitafuta ni upi wenye mbili na upi wenye moja. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, na kazi yote ilikuwa ya bure. Neno "chaneli" analijua kila mwenye televisheni, na maana yake ni ileile: njia mojawapo kati ya njia nyingi zinazopita hewani. Liachwe lifanye kazi.

Katika sura hiyohiyo mna kijisanduku chenye mota na gia ndani yake, ambacho hakizunguki ovyo bali hugeuka hadi pembe iliyoamriwa kisha hushikilia hapo. Ndicho kinachopinda magurudumu ya mbele. Hupokea mapigo ya umeme yapatayo 50 kila sekunde. Pigo la sekunde 0.0015 humwamuru akae katikati, la 0.001 humpeleka upande mmoja, la 0.002 upande mwingine. Msomaji ataona kwamba hata sisi tumeteleza na kukisemea kijisanduku kama mtu. Mwandishi yeye amekwenda mbali zaidi: amekiita "mtumishi", na katika kurasa mbili "mtumwa". Ni dhahiri kwamba alifuata asili ya neno katika Kilatini, na katika Kilatini asili hiyo ni mtumwa kweli. Lakini asili ya neno si maana yake. Isitoshe, "mtumwa" katika pwani hii si neno la kubandika juu ya kijisanduku cha plastiki. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na wajukuu wa waliouzwa wangali wanazungumza lugha hii. Wala "mtumishi" haifai, maana katika ofisi za serikali mtumishi ni sisi wenyewe, na wengine wamejaribu kutupima pembe tunazogeuka. Tumependekeza "sevo", kwa matamshi yanayokaa vizuri kinywani, na pale mwanafunzi anapokutana nayo mara ya kwanza ielezwe kwa sentensi moja tofauti yake na mota. Mota huzunguka; sevo hugeuka na kushika. Bila tofauti hiyo kuwekwa wazi, vijana wetu waliiweka mota ya kawaida kwenye usukani, na magurudumu ya mbele yakapindishwa mpaka vyuma vikakatika.

Yatupasa pia kusifu. "Kiunzi" kwa ile fremu ya chini ni neno zuri, na ni afadhali kuliko "mifupa ya lori" ambayo tumeiona kwingineko. "Kidhibiti mwendo" kwa kile kifaa kinachopima umeme wa kupelekwa kwenye mota ni tafsiri safi. Vijana waliita kifaa hicho "gavana", kwa kufuata vile vifaa vya kuzuia mwendo ambavyo matatu za Kenya zililazimishwa kuvitia mwaka 2004. Lakini gavana huzuia gari lisipite mwendo fulani, hali hiki hutoa mwendo wowote unaoamriwa, wa mbele na wa nyuma. Hapa mswada una haki, na gereji ilikosea.

Na sehemu iliyo bora kabisa katika kazi yote ni kurasa za 22 hadi 25, panapoelezwa jinsi bodi linavyoinuliwa. Mwandishi ni mwalimu, na hapo anafundisha. Anachukua maneno matatu ya darasani, "egemeo", "mzigo" na "jitihada", na kuyavika lori. Bawaba ya nyuma ndiyo egemeo. Bodi lake lina urefu wa sentimita 40, upana wa 17 na kina cha 7.5, yaani linabeba lita 5.1, ambazo ukizirudisha kwenye lori la kweli ni mita za ujazo 14. Mchanga wa kulijaza una uzito wa kilo 8 hivi, na uzito huo hukaa katikati, sentimita 20 kutoka kwenye bawaba. Ukisukuma juu ukiwa sentimita 10 tu kutoka kwenye bawaba, itakubidi utoe jitihada ya kilo 16. Ukisogea hadi sentimita 30, hazifiki kilo 5 na nusu. Lakini ukisogea mbali, kifaa cha kusukumia lazima kirefuke zaidi ili bodi lisimame kwa pembe ileile. Hapo fundi achague. Kijana wa uchomeleaji alizisoma kurasa hizo mara moja, akachukua chaki, akachora sakafuni, akatoboa tundu mahali panapofaa. Hakusimama hata mara moja. Hatujui ushahidi mwingine bora kuliko huo kwamba Kiswahili kinatosha kwa ufundi, pale ambapo mwandishi anakijua kitu na neno lina kazi moja.

Inasikitisha kwamba ukurasa wa 26 unaharibu haya yote. Kifaa cha kusukumia chenyewe chaweza kuwa cha namna mbili. Ama ni parafujo ndefu inayozungushwa na mota, ikaisukuma nati iliyofungwa kwenye bodi. Ama ni pampu ndogo inayosukuma mafuta ndani ya silinda, kama ilivyo katika tipa la kweli. Mwandishi anaiita parafujo "kinyanyuzi", silinda "kinyanyuzi", pampu "kinyanyuzi cha mafuta", na mwishowe, kwa uchovu nadhani, hata kitufe cha kwenye rimoti amekiita "kinyanyuzi". Sentensi moja inasema: "Kinyanyuzi kikibonyezwa, kinyanyuzi kitajaza kinyanyuzi." Vijana waliisoma kwa sauti, wakacheka, wakaenda kunywa chai. Maneno "jeki", "pampu", "silinda" na "parafujo" yamejaa kila gereji, na kila moja linajua mpaka wake. Kuhusu ule mlango wa nyuma unaofunguka mzigo unapomwagwa, ambao mswada unauita "lango la mkia", tutasema tu kwamba lori halina mkia.

Kwa nini mwandishi mwenye akili kama ya kurasa 22 hadi 25 aandike ukurasa wa 26? Jibu limo katika dibaji yake, anaposema kwamba amejitahidi kuepuka maneno yenye harufu ya kigeni. Nia hii tunaiheshimu, na tunawajua wengi wanaoshiriki nayo. Lakini mwandishi huyohuyo hakusita kuandika "usukani", lililotoka Arabuni likiwa jina la chombo cha kugeuzia jahazi. Wala "gari", lililotoka Bara Hindi. Wala "parafujo" katika kurasa za mwanzo, ambalo maseremala wa pwani walilipata kwa Wareno. Maneno hayo hayanuki kwa sababu yamekaa. Kama umri ndio kipimo, basi tunawaadhibu wajukuu kwa kosa ambalo babu zetu hawakuliona kuwa ni kosa. Waliomtoa rubani katika merikebu wakampandisha kwenye ndege walijua wafanyalo.

Tusieleweke, hata hivyo, kwamba tunaitetea ile tabia nyingine ya kubeba kila neno la kigeni kama lilivyo, na kulitia irabu mwishoni ili kulistiri. Wala gereji si mahakama ya rufani. Baadhi ya mafundi, kwa mfano, huita "difu" ule mfumo wote wa nyuma, pamoja na ekseli na makasha yake. Kwa lori la kawaida halina madhara. Lakini modeli hii ina ekseli mbili za nyuma zinazosukuma, na mwanafunzi hana budi kujua kwamba difu ni ule mkusanyiko wa gia unaoruhusu gurudumu la ndani ya kona kuzunguka polepole kuliko la nje, na kwamba ekseli ni kitu kingine. Mswada umelitenga vizuri jambo hili. Kanuni yetu si kwamba fundi husema kweli daima. Ni kwamba aulizwe kwanza.

Hadi hapa makosa tuliyoyataja yamepoteza muda, bati na vyuma viwili vya usukani. Limebaki moja ambalo lingeweza kupoteza zaidi. Linahusu betri.

Wengine wetu tulikua tukiziita betri "mawe ya tochi", na kila jiwe lilikuwa moja. Betri za modeli haziko hivyo. Ndani ya mfuko mmoja mna seli kadhaa zilizounganishwa. Seli sita za nikeli, za volti 1.2 kila moja, hufanya betri ya volti 7.2, seli mbili za lithiamu, za volti 3.7 kila moja, hufanya betri ya volti 7.4. Mswada unatumia neno "betri" kwa seli na kwa betri nzima. Ukurasa wa 30 unaagiza "betri mbili za lithiamu zilizofuatana". Mwandishi alikusudia seli mbili, yaani betri moja. Vijana walichukua betri mbili, wakaziunganisha kwa kufuatana, wakapata volti 14.8, na kidhibiti mwendo kilichotengenezwa kwa nusu ya hizo kikaungua papo hapo. Neno "seli" lina ndugu yake katika biolojia, lakini hakuna atakayedhani kwamba lori lina uhai. Litumike.

Kifaa kilichoungua ni hasara ndogo. Tatizo ni ukurasa unaofuata, wa 31, ambao una onyo. Seli ya lithiamu haipaswi kuchajiwa kupita volti 4.2, ikizidishwa yaweza kuvimba, kupasuka na kuwaka, na moto wake ni mgumu kuuzima. Miongozo ya Kiingereza hulisema hili kwa herufi nene. Mswada wetu unasema: "Betri ikichajiwa kupita kiasi itapata moto." Tunawaomba wafasiri na walimu wasome sentensi hiyo upya, kwa masikio ya mtu asiyejua lithiamu ni nini. Chai hupata moto. Pasi hupata moto. Injini ikipanda mlima hupata moto, na dereva huiacha ipoe, kisha huendelea na safari. Kupata moto, kwa Mswahili yeyote, ni kuwa na joto. Kijana wa umeme alipoulizwa alielewaje onyo hilo, alijibu kwamba betri ikipata moto ataitoa na kuiweka kivulini. Alikuwa tayari ameiacha moja kwenye chaja usiku kucha, chini ya kitanda anacholalia. Haikutokea lolote, kwa sababu chaja ilikuwa nzuri na ilijizima yenyewe. Si kwa sababu ya Kiswahili chetu.

Hakuna istilahi mpya inayohitajika hapo. "Itashika moto", "itawaka", "italipuka": maneno haya mama anamwambia mtoto jikoni kila siku. Mfasiri aliyehangaika na Kilatini ili aipate sevo alipita juu ya sentensi ya jikoni bila kuisikiliza, pengine kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mwishowe tipa lilikwenda. Lilibeba kilo 7 za mchanga, likarudi nyuma hadi ukingoni mwa kibaraza, likainua bodi kwa jeki ya parafujo na kumwaga bila kupinduka. Mswada tumemrudishia mwandishi pamoja na daftari letu na vile vyuma viwili vilivyokatika. Ametujibu kwamba anakubali yote isipokuwa "sevo", ambayo anataka tuijadili tena, na tutaijadili. Tumemwomba aanze na ukurasa wa 31, na asiwape wanafunzi nakala nyingine yoyote kabla hajaubadili.